Evalina wa Sauti ya Pili

Alhamisi ya kwanza ya Juni, saa kumi na robo alasiri, mwalimu Magese alibandika karatasi ya manila kwenye ukuta wa kanisa lililo nyuma ya soko, Bariadi, akagonga meza kwa rula. Wanakwaya walikaa. Kwenye manila palikuwa na kipande cha saba cha misa ya mtunzi mmoja Mcheki, kimeandikwa kwa solfa, sauti nne, kwa kalamu za rangi mbili. Magese ni mwalimu wa fizikia sekondari, na kwaya anaifundisha kwa mapenzi tu. Alikuwa ametumia wiki tatu kuzihamisha nota za kizungu kuwa do, re, mi, na macho bado yalikuwa mekundu. Alitoa sauti ya kuanzia. Sauti ya kwanza wakaingia, ya tatu wakaingia, ya nne wakaingia wamechelewa kama kawaida yao. Sauti ya pili walipoingia, sauti ya Evalina ilikuwemo. Evalina mwenyewe hakuwemo.

Magese aligonga meza. Akawaambia sauti ya nne waache kuvuta miguu, wakarudia tangu mwanzo.

Misa ya Mcheki walikuwa wameipata kwa kura. Kamati ya tamasha la kwaya za mkoa iliandika watunzi wa nje kwenye vikaratasi, ikavitia kwenye kofia. Malampaka wakaokota Mwitaliano. Dutwa wakaokota Mjerumani, wakarudi kwao wanajisifu njia nzima. Bariadi wakaokota Mcheki, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Magese aliwaeleza kwamba huko Ucheki ndiko viatu vya Bata vilikoanzia, na kwamba mtunzi huyu alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la kijijini kwao mpaka alipokufa. Baada ya hapo walimwona ni mtu wa kawaida, wakamwimba bila woga. Kipande cha saba ndicho kilichowashika. Wanafunzi wamemkimbia Bwana, mama yake amebaki amesimama, na sauti moja ya pili inaimba peke yake kwa Kilatini, bila kinanda, kurasa mbili nzima. Magese alipokuwa anakiandika, koo alilokuwa nalo kichwani lilikuwa la Evalina.

Lakini Evalina alikuwa ametengwa. Ni fundi cherehani, ana miaka ishirini na sita. Aliondoka Bariadi mwezi wa kumi na mbili amevaa gauni pana, akaenda kwao Ipililo, akarudi mwezi wa tano na mtoto wa kike mgongoni. Baraza la wazee wa kanisa likamwita, likamuuliza baba ni nani. Alisema ni Danford. Danford alikuwa hapo hapo mezani. Anauza dawa za pamba kwenye duka la pembejeo, anaimba sauti ya tatu, ni katibu wa kwaya, na kwa sababu ana mwandiko mzuri, baraza humwazima aandike mihtasari. Aliandika: Baba wa mtoto hajulikani. Hakuna aliyemwomba asome alichoandika.

Uamuzi ulikuwa ule ule wa siku zote. Evalina akae benchi la mwisho miezi sita, asiimbe kwaya, na mtoto asibatizwe mpaka mama atubu mbele ya usharika. Akitubu mapema, atarudi kundini mapema.

"Nitatubu," Evalina alisema. "Tukisimama wawili."

"Wewe sema ya nafsi yako, mayu," alisema mzee Mayige, ambaye ndiye mwenyekiti wa baraza na humwita kila mwanamke mayu, mama kwa Kisukuma. "Ya mwenzako mwachie Mungu."

"Mbona yangu hamkumwachia?"

Danford aliandika kwamba mtuhumiwa alijibu kwa kiburi. Hilo lilikuwa kweli.

Kwa hiyo sauti ikawa inakuja yenyewe. Alhamisi ya pili ilisimama katikati ya akina mama wa sauti ya pili ikawabana, na Alhamisi ya tatu Minza, anayekaa mwisho wa mstari, akailetea kiti cha plastiki. Ilikaa, na mazoezi yakaenda vizuri. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili Evalina alikuwa hawezi kutamka neno. Alishona kwenye baraza ya duka la Tajudin, muuza vitambaa, na mteja akija, Tajudin alimweleza.

"Onyesha kwa kidole tu, dada. Sauti iko kanisani."

Wateja walionyesha kwa kidole. Waliotaka kubishana bei walikuja Ijumaa.

Ijumaa ya wiki hiyo ya tatu mzee Mayige naye alikuja, kavaa koti, barua mkononi. Barua ilikuwa imeandikiwa sauti, lakini sauti haina anwani, ndiyo maana aliileta kwa mwenyewe.

"Mwadila, mayu," alimsalimu.

"Mwadila, baba. Karibu ukae."

"Sikai. Baraza linasema usiitume tena ile sauti."

"Siitumi, baba. Inaenda yenyewe. Mimi ningependa Alhamisi niongee na wateja wangu."

"Basi ikataze."

"Mlitenga mtu," Evalina alisema, akikata uzi kwa meno. "Someni barua yenu ya mwezi wa tano. Sauti hamkuiandika."

Mzee Mayige alikuwa na nakala mfukoni. Aliisoma pale pale kwenye baraza ya duka, mistari yote, mara mbili. Ni mtu wa haki kwenye mambo ya karatasi, na karatasi haikutaja sauti. Aliirudisha mfukoni, akasema baraza litakaa lirekebishe. Baraza halikukaa, kwa sababu ulikuwa msimu wa pamba na nusu ya wazee walikuwa wanalala kwenye marobota yao.

Tamasha lilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa nane mchana, kanisani hapo hapo. Magese alikuwa amepanga Minza asimame mbele kwenye kipande cha saba ili wageni wawe na mtu wa kumtazama, na sauti iimbe kutoka kwenye kiti chake. Walimwambia Minza awe anachezesha midomo. Minza alisema kusimama atasimama, ila mdomo hatafungua, yeye si mwizi. Wakakubaliana hivyo. Asubuhi ya siku yenyewe Danford, akiwa katibu, alipita kukagua ukumbi, akaona kiti kitupu katikati ya sauti ya pili. Akawaza kwamba mgeni rasmi atauliza. Alikiondoa, akakiweka stoo pamoja na mafagio.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Bati lilikuwa linapiga joto na watu walijipepea kwa karatasi za ratiba. Dutwa waliimba Mjerumani wao, wakaimba vizuri, hilo lazima lisemwe. Bariadi wakapanda. Vipande sita vya kwanza vilienda bila tatizo. Evalina alikuwa benchi la mwisho, anapopaswa kuwa, mtoto mgongoni.

Kipande cha saba kilipofika, Minza alisimama mbele, midomo ameifunga. Kinanda kikanyamaza. Sauti ya Evalina ilikuja kama ilivyozoea, ikatafuta kiti chake, ikakikosa. Ilipita mstari wa pili, ikashuka kwenye wa tatu, ikamkuta Danford ameacha mdomo wazi akivuta pumzi. Ikaingia hapo.

Danford akaanza kuimba kwa sauti ya Evalina. Alifunga mdomo, na wimbo ukakatika. Magese aliacha mkono juu, akamtazama kwa lile jicho analowatazamia wanafunzi walioshika waya wa umeme, akasubiri. Hakuna kitu kizito kama kanisa zima linalosubiri. Danford alifungua mdomo. Aliimba kurasa mbili nzima za mama aliyesimama, kila nota mahali pake, jasho linamtiririka shingoni, na wanawake madirishani walilia bila kujificha. Kule nyuma Evalina alikuwa amesimama. Hakutoa sauti, maana hakuwa nayo, lakini alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameitegemea. Alikuwa amesahau jinsi anavyoimba.

Nota ya mwisho ilipokwisha, pumzi kidogo ilikuwa imebaki. Sauti iliitumia. Ilisema kwa Kiswahili, wazi, polepole:

"Mtoto huyu ni wa Danford. Nitatubu tukisimama wawili."

Mgeni rasmi alipiga makofi, na watu wote wakapiga makofi. Jaji mkuu aliandika kwamba maneno ya mwisho hayamo kwenye nota za mtunzi, akakata alama mbili. Dutwa wakawa wa kwanza na Bariadi wa pili.

Jumatatu baraza lilikaa, pamba au si pamba. Danford aliandika muhtasari. Evalina aliitwa, akasimama mbele ya meza na mtoto, na safari hii mzee Mayige alikuwa anatabasamu.

"Tumemsifu Mungu, mayu. Umekiri mbele ya usharika na wageni. Weka saini hapa, urudi kundini. Mtoto abatizwe Jumapili."

"Mdomo ulikuwa wa nani, baba?"

"Wa Danford."

"Basi aliyekiri ni Danford. Mwandikeni yeye."

"Mdomo si kitu. Sauti ndiyo tuliyoisikia, na sauti ni yako."

"Haya. Niliyoyasema mmeyaandika?"

Mzee Mayige alimgeukia katibu. Danford alisoma: Evalina alikiri kuzaa nje ya ndoa. Akaweka karatasi chini, akainyoosha kwa kiganja.

Evalina aliichukua kalamu. Ilikuwa siku ngumu kwake kuliko ile ya mwezi wa tano. Mtoto alikuwa amekohoa usiku kucha, mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Ipililo kumwambia mtoto asiye na ubatizo haugui salama, na yeye mwenyewe alikuwa anaamini hivyo hivyo. Saini ilikuwa herufi saba tu. Aliwatazama wazee mmoja mmoja, watu aliowashonea mashati, na akaona kwamba kila mmoja alikuwa ameyasikia maneno yote mawili Jumamosi na kila mmoja alikuwa anangoja yabaki nusu. Alirudisha kifuniko kwenye kalamu, akailaza mezani.

"Nusu ya maneno yangu siisainii," alisema.

Waliongeza miezi sita. Katika mengineyo, kwa kuwa mwenyekiti wa kwaya alikuwa amehamia Mwanza, walimteua Danford kushika nafasi hiyo.

Sauti haikumwacha Danford. Kila Jumapili kwaya ikimaliza kuimba, ilikuja mdomoni mwa Danford, ikasema sentensi zake mbili, ikaondoka. Danford alijaribu kufunga mdomo, akakuta hawezi kupumua kwa pua. Alijaribu pipi za kifua. Alikaa nyumbani Jumapili mbili, sauti ikamfuata siku za kazi kwenye duka la pembejeo, ikawaeleza wakulima waliokuja kununua mabomba ya kunyunyizia dawa. Akaona afadhali kanisani, ambako watu wameshazoea. Na kweli walizoea. Mara ya kwanza walikohoa. Mara ya pili waliinamisha vichwa. Mara ya nne mtu mmoja wa benchi za katikati alijibu Amina, kwa mazoea tu, na wengine wakafuata.

Tangu mwezi wa nane, karatasi ya utaratibu wa ibada inayochapwa karibu na stendi ina mstari mpya kati ya wimbo wa kwaya na matangazo. Umeandikwa: Sauti. Mzee Mayige ndiye aliyeuongeza, kwa sababu hapendi jambo lifanyike kanisani bila kuandikwa. Kwaya ikimaliza, Danford hufungua mdomo, na sauti ya Evalina husema mtoto huyu ni wa Danford, nitatubu tukisimama wawili. Usharika hujibu Amina. Mzee Mayige hupanda na matangazo yake, na tangazo la kwanza huwa ni lile la kuwakumbusha waliotengwa kwamba mlango wa toba uko wazi. Lakini kwa utaratibu wa kanisa hilo matangazo hayasomwi mpaka watu wote wawe wamekaa. Kwaya hukaa. Danford hukaa.

Kule nyuma Evalina hakai. Mzee Mayige humngoja, na usharika wote humngoja, wanaume wakitazama saa zao. Jumapili iliyopita walimngoja mpaka saa nane mchana, na matangazo hayakusomwa.