Aleluya Haiimbwi Kwaresima

Mwaka 1950, msitu wa Nachingwea ulipokuwa unang'olewa kupisha karanga za Waingereza, ambazo mpaka leo tunaziulizia, Benedikto Nakapala aliombwa kitu kidogo. Ndivyo alivyosema meneja wa kambi: kitu kidogo tu.

Mchana Benedikto aling'oa visiki, jioni alifundisha kwaya ya kanisa la kambini. Waimbaji wake walikuwa vibarua kama yeye, Wamakua na Wamakonde, na wanawake walioajiriwa kuokota mizizi. Aliwafundisha nyimbo za Kilatini za sauti nne kwa kuwaandikia do-re-mi kwa mkaa juu ya bati. Pasaka iliyopita meneja alisimama mlangoni mwa kanisa akasikia Aleluya yao. Sasa wageni wakubwa walikuwa njiani kutoka Dar es Salaam, naye alitaka Aleluya ile iimbwe klabuni, wageni wakila. Wakiimba, Ijumaa Kuu wangepewa ruhusa ya kwenda kanisani. Wakikataa, wangeshika shoka kama siku nyingine.

Lakini ilikuwa Kwaresima. Neno lile hufungwa kabla ya Jumatano ya Majivu, halifunguliwi mpaka mkesha wa Pasaka. Hata mazoezini Benedikto hakuruhusu litamkwe. Walipojifunza nyimbo za Pasaka waliimba majina ya noti matupu, fa, mi, re, na aliyeteleza ulimi alitolewa nje akapoe.

Na Ijumaa Kuu ndiyo siku aliyoifanyia mazoezi tangu mvua za kwanza. Kwa mara ya kwanza kwaya ya vibarua ingeimba Mateso ya Bwana, yeye msimulizi, na Linus, mwenye besi nzito kuliko wote, akiimba maneno ya Kristo.

Linus ndiye aliyeanza kulegea.

"Mwalimu, ni neno moja," alisema. "Tunatoa neno moja, tunapata Mateso mazima. Kwani Mungu hajui biashara?"

Wengine walicheka, wengine wakaguna kwamba Linus anasema kweli. Albina, mkewe Benedikto, hakucheka.

"Baba Valentina, ukiwaimbia hao wakiwa na nyama mdomoni, Pasaka utamwimbia nani?"

Benedikto akaenda kwa meneja mwenyewe, na nyapara wa kikosi chao, Isihaka, Mwislamu kutoka Chunyu, akamsindikiza. Alipendekeza wimbo mwingine, wa toba, mzuri kuliko Aleluya. Meneja akajibu kwamba wageni wake hawaji kuliliwa, na kama ni hivyo, Ijumaa wote kazini.

Njiani Isihaka alimchokoza. "Kwa hiyo nyie mnafunga neno?"

"Neno."

"Haya. Mimi nikiwa nimefunga, bwana huyu akiniambia nionje mchuzi wa wageni wake, sufuria naimwaga." Akacheka peke yake mpaka kambini.

Wageni walikula bila wimbo. Linus akaacha kumsalimia Benedikto.

Ijumaa Kuu ikafika, na meneja akaipeleka kwaya yote kwenye kipande cha mbali kabisa, upande wa kwendea Ruangwa, wasisikie hata kibao kinachogongwa siku hiyo badala ya kengele. Watu wa aina ile walijua kuumiza bila fimbo. Wapo wazee wanaosema siku hizi kwamba walikuwa mabwana wema. Nasema walisahau, au walikuwa jikoni wakila makombo.

Jua lilipofikia mahali ambapo padri angekuwa anaanza, Benedikto alichomeka shoka kwenye gogo.

"Kanisa tumelikosa," alisema. "Mateso hatuyakosi."

Akaanza kuimba usimulizi. Wanawake wakatua mizizi. Isihaka akamwashiria dereva wa trekta azime, akimwambia mashine imechemka, na dereva, aliyejua haijachemka, akazima.

Ikafika zamu ya Kristo. Linus alikuwa ng'ambo ya kisiki, akizidi kukaza mnyororo. Benedikto akarudia mstari wake wa msimulizi, taratibu, kama mazoezini. Watu wakatazama chini. Kisha ile besi ikatoka nyuma ya kisiki, imekwaruza kidogo, ikanyooka, na Linus akaifuata sauti yake mwenyewe hadi katikati ya wenzake.

Walifika pale Bwana anapokata roho. Hapo wote hupiga magoti na kunyamaza. Benedikto aliwazoesha kimya cha urefu wa Baba Yetu moja, isemwe moyoni bila haraka. Walikuwa magotini kwenye vumbi jekundu Landrova ya meneja ilipofika.

Akawaamuru wasimame. Akasema asiyesimama sasa hivi hana kazi, afungashe leo. Benedikto alimaliza Baba Yetu, akasikia makelele bado yanaendelea, akaanza nyingine. Hakuna aliyeinuka. Magoti ya Linus nayo yalikaa pale pale. Meneja akamgeukia Isihaka awainue. Isihaka akavua kofia yake akaitazama kwa makini, kana kwamba ina tundu.

Mwishoni maneno yakamwishia meneja.

Ndipo Benedikto aliposimama, na kwaya nayo. Kila mmoja alijua kwamba kesho hana kazi wala kitanda kambini. Zamu ya Linus ilikuwa imekwisha, maana baada ya hapo Kristo haimbi; akajiunga na besi wengine. Yalibaki maziko. Benedikto akavuta pumzi, akaendelea.