Mitetea Sita wa Zamda

Jana mchana, baada ya kula, Sikudhani Njiku alijilaza kwenye jamvi kando ya banda lake la kuku, akaota.

Alikuwa amelala na wasiwasi. Mdogo wake, Zamda, alikuwa njiani kuja kuchukua mitetea sita wa kuanzia upya, maana ugonjwa wa kideri ulimmalizia kuku wote kwa juma moja. Mwaka uliopita Sikudhani alimchagulia jirani mitetea wanne, na wote wanne wakaja kuwika. Jirani hakulalamika. Alicheka tu, na kicheko kile ndicho kilichomuuma. Kwa Zamda hakutaka kukosea. Vifaranga wake walikuwa ishirini na watatu, wa wiki sita, na kila alipowatazama aliona ishirini na watatu wanaofanana.

Ndotoni, banda lilikuwa ofisi. Ndoo ya kunyweshea kuku ilikuwa imekaa nyuma ya meza, imevaa miwani.

"Jina?" ndoo ikauliza.

"Sikudhani."

"Si lako. La kifaranga."

"Hawana majina. Wana wiki sita."

"Jinsia?"

"Hilo ndilo lililonileta."

Ndoo ikaandika: haijulikani. Ikapiga muhuri. "Kanuni ni moja," ikasema. "Wa kiume ana upanga. Waingie."

Mlango unafunguka. Vifaranga wanaingia kwa foleni, na kweli, baadhi yao wamefunga panga viunoni, panga za chuma zenye ala za ngozi. Zinaburuzika na kukwaruza sakafu. Sikudhani anahesabu wenye panga: kumi na wawili. Anashusha pumzi. Kumbe kazi yenyewe ni nyepesi.

"Samahani, mama," anasema mmoja mwekundu. "Huu si wangu. Namshikia kaka, amekwenda kunywa maji."

"Na mimi ni wa kiume," anasema mwingine asiye na kitu. "Ila wangu bado haujaota."

Ndoo inavua miwani, inaifuta, inaivaa tena. "Basi wawike," inasema. "Atakayewika ni jogoo."

Kabla hawajaanza, ofisi ikawa soko la mjini, katikati ya mitumba na kelele za redio. Vifaranga wakakaza shingo, wakapanua midomo. Sauti haikutoka.

"Mbona hawawiki?" Sikudhani akauliza.

"Wa shamba hao," ndoo ikajibu. "Hapa ni mjini. Ungeuliza kabla ya kupanda basi."

Zamda alikuwapo pia, ameketi juu ya tenga tupu. "Dada, usijisumbue," akasema. "Nipe wowote. Majogoo nao ni kuku."

Alisema kwa upole, na upole ule ukamchoma Sikudhani kuliko kicheko cha jirani. Akakaa chini. Alipoinua ncha ya kanga ajifute macho, akamkuta kuku koo mzee amelalia mayai mapajani mwake. Alikuwa kishingo, shingo haina hata unyoya mmoja.

"Umekwenda kuuliza ndoo," koo akasema. "Ndoo imezaa lini?"

"Haijazaa."

"Basi niulize mimi. Wewe unawatazama mmoja mmoja, kama askari anayekagua vitambulisho. Watazame pamoja, ndugu wa siku moja. Yule ambaye kilemba chake cha nyama, huo upanga wa kichwani, kimetangulia kuwa kipana na chekundu, miguu minene, anasimama wima kama mgeni rasmi, huyo ni pora, atawika. Aliyebaki na kilemba kidogo kilichopauka na miguu myembamba, huyo ni mtetea."

"Na wale walio katikati?"

"Hao hata mimi mama yao huwasubiri wakue. Lakini mdogo wako amekwisha fika, kwa hiyo mmoja nitakuwekea alama."

Koo anatoa kibakuli cha hina chini ya bawa. Anamshika kifaranga wa kijivu mguu, anaanza kumpaka kwa njiti. "Usitikisike," anamwambia.

"Hodi hapa," ikasema sauti ya Zamda. "Dada, umelala mdomo wazi."

Sikudhani akaamka. Alimkaribisha mdogo wake maji, kisha wakaingia bandani. Akamwaga chenga za mahindi vifaranga wakusanyike, na badala ya kuwakamata akachuchumaa, akawatazama wakila bega kwa bega. Kwa mara ya kwanza hawakufanana. Huyu kilemba kilishaanza kuiva kama pilipili. Dada yake pale kando chake kilikuwa kidogo, kimepauka. Akaokota mmoja, wa pili, hadi watano, mkono wake haukusita.

Kwa wa sita ukasita. Wa kutilia shaka walibaki wawili wa kijivu, vilemba si vidogo si vikubwa. Akamwinua mmoja, akamgeuza miguu juu. Kwenye ukucha wa kidole cha kati palikuwa na hina, imepakwa kwa uangalifu, imekwisha kauka. Akaisugua kwa kidole gumba. Haikutoka.

"Umempaka hina?" Zamda akauliza.

"Humu ndani hakuna hina tangu Idi."

Zamda akamtazama, akafungua tenga. "Una hakika nao, dada?"

"Watano nimewaona kwa macho yangu," Sikudhani akasema, akimshusha wa sita tengani taratibu. "Huyu kasema mama yake."