Bombay hadi Tokyo, Kwenye Bariyeri

Asubuhi ile mama Ngalula alimpa mwanawe amri moja tu. "Séraphin, leo ufunge kinywa. Hata ukiona mbuzi amevaa kofia, unyamaze!"

Kwa Séraphin, kunyamaza kulikuwa kazi nzito kuliko kuisukuma ile pusupusu, mkokoteni uliobeba masufuria, godoro na mashini ya kushonea. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Kolwezi nyumba kwa nyumba. Yeye alizaliwa Manika, hapohapo Kolwezi. Kasai aliijua kwenye ramani tu. Huko waendako, mashini ile ndiyo ingewalisha. Ikichukuliwa, wamekwisha.

Karibu na stesheni, gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Vijana wanne, fimbo na panga. Waliowatangulia walivuka mikono mitupu.

"Bilulu, musimame!" Wadudu: ndivyo walivyoitwa siku hizo.

Aliyekuja kuishika mashini alikuwa Kisimba. Kisimba wa benchi la nyuma, aliyesoma naye miaka yote! Séraphin akainamisha uso nyuma ya godoro.

Maana mwaka uliopita, shuleni, profesa wa jiografia aliuliza: Bombay hadi Tokyo ni kilomita kama elfu sita na mia nane, ndege inakwenda mia nane na hamsini kwa saa, itafika baada ya saa ngapi? Kisimba, chaki mkononi, akapata themanini. Séraphin akapaza sauti: "Profesa, pengine basafiri banaisukuma!" Darasa zima hoi kwa kicheko. Tangu siku hiyo hata wauza karanga walimwita Kisimba "Piloti".

"Eh, Séraphin," Kisimba akasema. "Bombay mupaka Tokyo, ndeke inakamata masaa ngapi?"

Wenzake wakageuka. Mama Ngalula akamkanyaga mwanawe mguu.

Jibu lilikuwa ulimini, la moto. Lakini akilitoa, amemwaibisha tena, na safari hii mbele ya panga.

"Makumi munane, tata Kisimba," akasema polepole, themanini ileile ya ubaoni, akimwita baba kwa heshima.

Kisimba akamkazia macho. "Usiniite tata. Na usinidanganye!" Akalipiga gogo fimbo. "Ni munane! Nilirudilia ile hesabu ku nyumba, mi peke yangu. Lakini weye haukunipa hata nafasi ya kufuta."

Kisimba akamsogelea Séraphin.

"Nani amekosa leo?"

"Mi njo nimekosa."

"Sema kwa nguvu, basikie!"

"Mi njo nimekosa! Kisimba amepata! Ni munane!"

Vijana wakacheka. Mwenye panga akanyoosha mkono kuiteremsha mashini.

"Acha," Kisimba akamwambia. "Ile mashini njo ilishona shati yangu ya masomo."

Mwenye panga akasonya, lakini mkono akaurudisha. Gogo likasogezwa kidogo, upana wa pusupusu tu. Wakati inapita, Kisimba akainama karibu na sikio la Séraphin, kwa sauti ileile ya benchi la nyuma wakati wa mtihani.

"Na toka hapa mupaka kwenu, treni inakamata masaa ngapi?"

Séraphin akatazama mbele. Kando ya reli familia zilikuwa zimelala juu ya mizigo, wengine tangu majuma mengi. Reli yenyewe ilikuwa tupu.

"Kilometa mi nazijua," akajibu. "Treni njo haiko."

Mama yake akamkanyaga tena mguu. Lakini safari hii hakuna aliyecheka, hata Kisimba.