Abiria Wote Wameridhika

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alifukuzwa udereva wa basi kwa kosa la huruma. Barua ilisema "uchelewaji sugu," lakini barua hiyo niliichapa mimi mwenyewe, maana ndimi katibu wa Mkurugenzi wa kampuni ileile ya mabasi, na nilijua ninachokichapa. Madereva wenzake walimwita Breki. Akiona mtu anakimbilia basi huku kiatu kimoja kimemvuka, anakanyaga breki. Akiona mama mwenye mzigo na mtoto mgongoni, anakanyaga breki, na akiweza anashuka kusaidia kubeba. Basi lake lilikuwa likifika mwisho wa njia limejaa watu wanaomwombea heri, nyuma ya ratiba kwa kiasi cha kutia aibu.

Baada ya kufukuzwa alihamia sebuleni kwangu pamoja na mama yake na kompyuta. Mama mkwe simlalamikii. Mume wangu anaendesha malori ya safari ndefu na nyumbani huonekana kwa nadra, kwa hiyo Mama ndiye mwenzangu wa kuzungumza naye. Ana kidonda cha mguu kisichotaka kupona, na kila Jumanne hupanda basi Namba Saba kwenda zahanati kukisafisha. Kompyuta ndiyo iliyonichosha. Mtu mzima na ndevu zake anaendesha basi la uongo kwa usukani wa plastiki alioubana kwenye meza yangu ya kulia chakula, na akifika kituoni anasema "karibuni" kwa sauti.

Mchezo wenyewe una hila moja. Si lazima uendeshe safari walizokutengenezea wenye mchezo. Unaweza kubuni yako: unachora barabara, unapanga vituo, unaweka abiria na tabia zao, unanyesha mvua ukitaka, kisha unaipakia mtandaoni ili watu wa dunia nzima wajaribu kuiendesha. Breki aliamua kuitengeneza Njia Namba Saba, ileile iliyomfukuzisha kazi, na aliitengeneza kama ilivyo barabarani, si kama ilivyo kwenye ramani ya ukutani ofisini kwetu. Aliweka mashimo yote. Aliweka soko linalomwagikia barabarani hadi nyanya zinagusa matairi. Aliweka lori lililoharibika mlimani, na trafiki ambaye akitokea tu kwenye makutano hata taa zinachanganyikiwa. Na kwenye kituo cha mtaa wetu, mbele ya kibanda cha fundi viatu, alimweka Mama.

Nasema Mama mwenyewe, na kitambaa chake cha kichwa na mkongojo wake. Basi likisimama anatanguliza mkongojo, kisha mguu mzima, anapumzika, anamuuliza dereva hali ya nyumbani, ndipo anauvuta mguu mbovu. Dereva akifunga mlango kabla hajamaliza, Mama anaupiga mlango kwa mkongojo mpaka ufunguliwe.

"Umeninenepesha," Mama alisema alipojiona kwenye skrini.

"Ni kompyuta hiyo, Mama."

"Hata. Iache hivyohivyo. Napendeza."

Breki aliipakia safari yake na maneno machache tu: "Mimi nilifukuzwa kwa kuchelewa hapa. Jaribuni nyinyi." Wakajaribu. Watu wenye barabara za lami kama kioo, watu wasiowahi kuona nyanya barabarani, wakaanza kukwama kwenye soko letu usiku na mchana. Hakuna aliyefika kwa wakati. Mmoja alijigamba kwamba amefika, ikagundulika kuwa alipita juu ya njia ya waenda kwa miguu. Breki akamjibu kwa heshima zote kwamba hata huku kwetu wapo wafanyao hivyo, lakini si vizuri kumrusharusha mtu mzima mwenye kidonda. Wachezaji walimpenda Mama kuliko basi lenyewe. Walimwita Bibi wa Mkongojo, wakasalimiana kwa jina lake, wakapeana mbinu za kumsubiri bila kukasirika. Na Mama kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa na swali lake: "Haya, jana wamenipakia wangapi?"

Sikuwa nimemwona shemeji yangu akitembea ameinua kichwa tangu afukuzwe. Dunia nzima ilikuwa imechelewa pamoja naye, na hilo lilimtibu. Mimi niliyekuwa nikigombana na ule usukani nikaanza kuupangusa vumbi.

Halafu binti wa Mkurugenzi, anayesoma ng'ambo, akampigia simu baba yake huku akivunjika mbavu. Alikuwa amekwama mara tatu kwenye basi la baba.

Mkurugenzi alitoka ofisini macho yamemtoka pima. "Nani anatuchafua?" Mimi nilikuwa na maji mdomoni. Lakini jina Breki lilikuwa limeandikwa chini ya skrini, na kampuni nzima ilikuwa na Breki mmoja tu. Akaniagiza nimlete. Nilimleta nikiamini anakwenda kushtakiwa, na njiani nilimfundisha namna ya kuomba radhi.

Mkurugenzi akamkaribisha kiti. Akaniagiza chai. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Kisa chake kilikuwa hiki. Bodi ilikuwa inakuja, na yeye alikwisha kuiahidi kwamba Namba Saba itamaliza njia kwa dakika arobaini, bila kununua basi hata moja. Barabarani hakuna dereva aliyeweza, hata yule anayejulikana kwa wazimu. Mkurugenzi mwenyewe hajawahi kupanda basi letu. Huja kazini kwa gari lenye pazia.

"Kwenye mchezo huu wako," alimuuliza Breki, "mtu anaweza kubadilisha vitu?"

"Chochote, Mkurugenzi."

"Basi nitengenezee ifike kwa dakika arobaini. Bodi wakiona kwa macho yao, unarudi kazini. Tena si udereva. Mkuu wa Ratiba, una meza yako."

Mkono mtupu haulambwi, na wa Breki ulikuwa mtupu muda mrefu. Akakubali. Kompyuta ikaletwa ofisini, ikawekwa juu ya meza yangu, na Mkurugenzi akasimama nyuma ya kiti kama anayenyolewa mtoto wake.

"Anza na mashimo. Ondoa."

"Barabarani yapo, Mkurugenzi."

"Yatazibwa. Ondoa."

Breki akabonyeza, mashimo yakatoweka. Soko nalo, kwa kuwa litahamishwa. Lori la mlimani na trafiki wakafuata.

"Na mvua?" Breki aliuliza.

"Tutazungumza na wahusika. Ondoa."

Akaendesha. Barabara sasa ilikuwa safi kuliko sebule ya bibi harusi, lakini basi bado lilichelewa. Mkurugenzi akakunja uso, akainamia skrini.

"Hawa hapa wanafanya nini?"

"Wanapanda."

"Kila kituo?"

"Ndiyo kazi ya kituo, Mkurugenzi."

"Wanatupotezea muda. Punguza."

Akapunguza, akaendesha, akapunguza tena. Waliondoka wanafunzi, wakaondoka wauguzi wa zamu ya asubuhi, akaondoka jamaa mmoja anayeuza mayai ambaye Breki alimtengeneza kwa uangalifu sana ili trei isianguke. Mwishowe njia nzima ilibaki na mtu mmoja, amesimama mbele ya kibanda cha fundi viatu na mkongojo wake.

"Na huyu kikongwe?"

Breki aliweka mkono kwenye kipanya cha kompyuta na hakubonyeza.

"Huyo ni mama yake," nilisema mimi.

"Mama yake halisi si yuko nyumbani? Nani amemgusa? Hii ni picha tu, Katibu, tusichanganye mambo ya familia na kazi." Akamshika Breki bega. "Mkuu wa Ratiba."

Shemeji yangu alinitazama. Nilitaka aseme hapana. Nilitaka kwa hasira, hata nikaumauma ulimi, maana nilijua kwamba mtu akishaweza kumwondoa huyo hatashindwa kumwondoa mwingine yeyote. Akageuka, akabonyeza. Mama akatoweka na kitambaa chake.

Basi likamaliza njia kwa dakika arobaini kamili, likiwa tupu, likipita vituo vitupu. Na mchezo, ambao mwishoni humpa dereva alama, ukaandika kwa herufi za kijani: abiria walioridhika, asilimia mia. Breki alijaribu kueleza. Mchezo huhesabu malalamiko, na kama hakuna aliyepanda, hakuna wa kulalamika. Asiyekuwepo na lake halipo. Mkurugenzi hakusikia. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza yangu, anasoma ile asilimia kwa sauti, na machozi yanamlengalenga.

Kwa amri yake safari ya zamani ikafutwa mtandaoni na hii mpya ikapakiwa mahali pake, ikiwa na jina la kampuni. Wachezaji wakaja juu. "Bibi yuko wapi?" "Mmemzika?" "Nimeendesha nikafika, sijaona hata mtu wa kumsalimia, nirudishieni jioni yangu." Breki, aliyekuwa akimjibu kila mtu hadi wanaomtukana, hakuandika neno. Na asubuhi Mama alipouliza wamempakia wangapi, mwanawe alisema mtandao unasumbua.

"Basi wakiupata, waambie nawasalimia," Mama alisema.

Siku ya Bodi, Mkurugenzi alishika usukani wa plastiki yeye mwenyewe. Wajumbe walikaa gizani mbele ya ukuta wenye picha, mimi nikazungusha vitafunwa. Basi lilipita kila kituo kwa heshima ya hali ya juu. Mjumbe mmoja, mzee aliyekuwa akisinzia, alizinduka akauliza, "Mbona hakuna watu?"

"Wameshafika kazini," jirani yake akamjibu. "Siku hizi mabasi yanawahi."

Wakapiga makofi. Ratiba mpya ikapitishwa hapohapo, Breki akapewa meza.

Kupitisha ni rahisi. Ilipofika zamu ya barabara yenyewe, ikagundulika kwamba mashimo hayana kipanya. Wenye soko waliambiwa wahame wakacheka. Mvua ilinyesha bila kuzungumza na mtu. Kati ya vyote vilivyokuwa kwenye orodha ya kuondolewa, kampuni ilikuwa na uwezo wa kuondoa kitu kimoja tu, nacho ni vituo, kwa sababu vibao vyake ni mali yetu. Wakaja mafundi na spana, wakaving'oa. Cha mbele ya fundi viatu kilikwenda Jumatatu. Kila basi likawekewa mtu wa ratiba kiti cha mbele, kuhakikisha dereva hakanyagi breki. Na wa kwanza kukaa kiti hicho, kwenye Namba Saba, akiwa na shati jipya na saa mkononi, alikuwa Breki.

"Umemwambia mama yako?" nilimuuliza jioni hiyo jikoni.

"Nitamwambia, shemeji."

"Kesho ni Jumanne."

"Nimesema nitamwambia."

Nilimwachia. Aliyemwondoa ndiye aliyestahili kumpa taarifa, na mimi nilikuwa nimechoka kuchapa barua za watu wengine.

Jumanne niliporudi kutoka kazini nilimkuta Mama amekaa kochini, mguu juu ya stuli, bendeji imekuwa rangi ya vumbi. Uso wake uling'aa.

"Nimemwona!" alisema kabla sijavua viatu. "Nimesimama pale kwa fundi, basi likaja mbio, mwanangu kakaa mbele kama waziri! Nikampungia mkongojo. Nikamwambia fundi, yule ni wangu."

"Basi lilisimama?"

"Lisimame vipi? Lina haraka."

"Naye alikupungia?"

"Alikuwa anatazama saa. Kazi ya watu hiyo, huwezi kuichezea."

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikaipigisha sufuria kelele ili asinisikie nikilia. Sikumbuki kumchukia mtu kama nilivyomchukia shemeji yangu wakati ule, na alikuwa mtu mpole kuliko wote ninaowajua.

Aliingia jua linazama. Mama alikataa nimpakulie mimi. Alijikongoja mwenyewe, akamwekea nyama yote iliyonona, kama anavyopakuliwa mwanamume aliyetoka kazini. Breki alikaa mbele ya sahani, shati jipya limemkaba shingo. Muda mrefu alikuwa akiugeuzageuza mkate tu.

"Mama," alisema mwishowe, "leo ulifikaje zahanati?"

"Sikufika. Nilitembea mpaka sokoni, mguu ukagoma. Kuna kijana mwenye mkokoteni akanirudisha, Mungu ambariki." Alimsogezea maji ya kunywa. "Kula, mwanangu, acha kunitazama hivyo. Jumanne ijayo sitasimama pale barabarani kabisa, nitapita njia ya nyuma. Usije ukaniona ukasema wakanyage breki, wakakufukuza tena."