Saa ya Barafu

Mganga hajigangi. Fundi aliyetengeneza majokofu ya mtaa mzima alikuwa na jokofu bovu kuliko yote. Lilinguruma mchana kutwa, na ganda la barafu lilikuwa limejaa sehemu ya kugandishia hata mlango haukufungika mpaka aubane kwa kiti. Dawa aliijua. Angemwambia mteja yeyote, "Chomoa waya, acha liyeyuke, kisha ulifute." Lakini ndani mle, nyuma ya ganda, ilikuwemo trei ambayo mkewe aliijaza maji asubuhi ya siku aliyopelekwa hospitali, asirudi.

Enzi za uhai wake, fundi alipoketi jioni na glasi yake ya wiski, mkewe alimtilia vipande viwili vya barafu, kisha akaketi mkabala naye na kikombe cha chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yao. Barafu ingali glasini, hakuna ruhusa ya kuinuka, hata mlango ugongwe. Ikishayeyuka, mazungumzo yamekwisha, ugomvi umekwisha, vyombo vioshwe. Fundi alijifunza kunywa polepole. Mkewe alijifunza kugandisha vipande vikubwa. Tangu msiba ule, fundi aliinywa wiski kavu, upesi upesi, kama mtu anayemeza shubiri.

Jumamosi moja alasiri, shemeji yake, kaka wa marehemu, mshona nguo mwenye maneno mengi kuliko vifungo, aliingia na chupa kwapani.

"Shemeji, joto lote hili! Hii tunainywa au tunachulia mgongo? Barafu iko wapi?"

"Hakuna."

"Fundi wa friji hana barafu! Basi na mimi mshona nguo kesho nitatembea nimevaa gunia."

"Tia maji, shemeji. Yamo kwenye jagi."

"Maji nimekunywa kwangu." Akasogeza kiti, akafungua jokofu, akapenyeza mkono nyuma ya ganda. "We mwongo! Na hii nini?"

"Rudisha!" Fundi alikuwa amekwisha simama. "Rudisha, nakwambia! Hiyo aliigandisha dada yako."

Shemeji akaduwaa, trei mkononi. Kisha akaiinamisha kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda.

"Mbona vidogo hivi, shemeji?"

Fundi akasogea. Vipande vilikuwa vimekonda kama sabuni iliyobaki bafuni. Sababu aliijua, kwani aliwaeleza wateja kila mara: barafu hukauka humo humo kwenye baridi, bila kudondosha hata tone. Wala hakuwahi kufikiri kwamba maneno hayo yangemhusu yeye. Alikuwa akilinda kitu kilichokuwa kikimtoroka kimyakimya.

Shemeji akaiweka trei mezani taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Nikae?"

"Nenda tu. Njoo kesho."

"Nitakuja. Na shati lako hilo nitalipunguza, limekuwa hema."

Mlango ulipofungwa, fundi alichomoa waya. Ngurumo ikakatika. Hapo ndipo alipotambua kwamba hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwa imebaki nyumbani mle. Akamimina wiski, akatia barafu yote iliyokuwa kwenye trei; yote kwa pamoja haikuzidi vipande viwili vya zamani. Akaketi mkabala na kiti kitupu.

Saa ikaanza kwenda. Aliyatazama makali ya barafu yakilainika, wiski ikipauka pembeni mwake, na hofu ikampanda kwamba itakwisha kabla hajafumbua kinywa.

"Kaka yako," alisema hatimaye, "bado hajajua kunyamaza."

Nyuma yake jokofu likaanza kudondosha maji, tone kwa tone, kisha mchirizi ukatambaa sakafuni mpaka ukafikia ndara zake. Tambara lilikuwa karibu na mlango, hatua chache tu.

Fundi hakuinuka. Barafu ilikuwa ingali glasini.