Goli la Soksi

Jumapili asubuhi mama alipovuta kabati la sebuleni ili afagie nyuma yake, alikuta ngazi tatu za jukwaa la uwanja wa mpira zimesimama kati ya kabati na dirisha. Zilikuwa za saruji, zimepakwa rangi ya njano iliyokwisha kubanduka, na kwenye ngazi ya kati kulikuwa na ganda la karanga. Alizifagia, akazipiga deki, kisha akaliacha kabati katikati ya chumba, maana mahali pake palikuwa pamekaliwa.

"Baba watoto," aliita, "jukwaa la nyuma ya goli limekuja."

Mumewe, fundi cherehani, alitoka chumbani na futi ya kupimia shingoni, kwa kuwa hata Jumapili hakuivua. Alizigonga ngazi kwa kidole.

"Saruji ya zamani hii," alisema. "Siku hizi hawachanganyi hivi."

Uwanja wa zamani ulikuwa umebomolewa mwezi ule kupisha ujenzi wa uwanja mpya. Mabati yalipata wanunuzi, milango ilipata nyumba, kokoto zilipata barabara. Ngazi za nyuma ya goli hazikupata pa kwenda, zikaja kwenye nyumba iliyokuwa ikizitaja kuliko nyumba nyingine yoyote mjini. Mdogo wake fundi, ambaye ni mwashi, alipofika alisema lisemwalo lipo na kama halipo laja, akatoa pimamaji lake akazipima. Zilikuwa zimeinama kidogo upande wa zulia. Aliahidi kuleta mchanga.

Nyumba ile ilizitaja kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya fainali, kuanzia saa ile ile ya alasiri ambayo mpira ulianza. Timu yao ilichukua Kombe mara moja tu tangu dunia iumbwe, na shabiki mwenye kombe moja hulitunza kuliko mwenye kumi. Familia haikuisimulia fainali kwa mkato. Iliisimulia nzima, kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, na mapumziko yake. Fundi alikuwa msimuliaji. Mwashi alikuwa refa na pia kelele za mashabiki. Kifungua mimba, binti anayefundisha hesabu sekondari, alishika saa. Kitinda mimba, dereva wa gari la maji, alidaka, na ule ufa kwenye kioo cha kabati ni wa penalti ya mwaka juzi.

Mama alileta chai wakati wa mapumziko. Kwa kuwa chai haijichemshi, kipindi cha kwanza kilimkuta jikoni miaka yote. Fundi alipokwama alipaza sauti, "Ile kona aliipiga nani?" na jibu likatoka jikoni, "Yule beki mwenye kigugumizi," naye akaendelea. Hakuna aliyewahi kuuliza jikoni wamejuaje.

Goli lenyewe linajulikana. Dakika za lala salama, timu zimefungana moja kwa moja, mvua inanyesha. Winga anayeitwa Kiberiti anamtoka beki wa mwisho, kiatu chake cha kulia kinachomoka na kurukia jukwaani, naye anaupiga mpira kwa soksi. Mpira ukaingia polepole, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Kiatu kilimwangukia mapajani shabiki mmoja aliyekaa nyuma ya goli, ngazi ya kati. Kwa mujibu wa fundi cherehani, shabiki huyo alikuwa fundi cherehani.

Mwaka huo simulizi lilikuwa na mgeni. Klabu ilikuwa imetangaza kwamba kiti cha kwanza cha uwanja mpya kitabandikwa kibao chenye jina la mtu aliyekidaka kile kiatu, na katibu wa klabu angekuja kumsikiliza. Ilionekana vizuri basi msimuliaji akae juu ya ngazi zenyewe. Walizijaribu mapema, wasije wakaaibika mbele ya mgeni.

Fundi alikaa ngazi ya kati. Mashavu yake yakaanza kuvimba, kwanza la kushoto, halafu la kulia, mpaka masikio yakasogea. Alipotaka kusema ilitoka sauti ya mtu aliyejaza viazi mdomoni. Alisimama, uvimbe ukashuka.

"Matubwitubwi," alisema mwashi. "Ngoja nikae mimi."

Mwashi alikuwa akisema miaka yote kwamba aliiona fainali ile akiwa juu ya ukuta wa uwanja. Alikaa. Kidole gumba kikaingia mdomoni chenyewe, na macho yakaanza kumtafuta marehemu mama yake. Wakamnyanyua kwa kwapa. Kitinda mimba yeye alipokaa hakuonekana tena, kwa sababu siku ya fainali alikuwa hajazaliwa. Dada yake alipapasa hewani mpaka akaupata mkono, akamvuta nje.

"Kukoje huko?" aliuliza.

"Hakuna kitu," alijibu kitinda mimba. "Ila si pabaya."

Mwashi alisema tatizo ni unyevu wa saruji. Fundi akashona mto wa haraka haraka, akakaa juu yake, akapata matubwitubwi juu ya mto. Ikaamuliwa kwamba atasimulia amesimama. Mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa ameshakokotoa jambo lote kichwani na kupata jibu, alisema msimuliaji mzuri husimama.

Mama alikuwa akikausha vikombe. Yeye hakuhitaji ngazi zimwambie. Siku ya fainali mumewe, ambaye hakuwa mumewe bado, alilala kwa shangazi yake amefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini. Aliyekuwa uwanjani ni mama, msichana wa wakati ule, na baba yake. Alimsimulia mchumba wake baadaye, kona kwa kona, kwa sababu alimpenda na kwa sababu alimhurumia. Mwaka wa kwanza wa ndoa fundi alianza simulizi kwa kusema, "Mke wangu anasema." Alipozaliwa mtoto wa kwanza maneno hayo yalikuwa yamelegea kama kifungo, kisha yakadondoka, na fundi hakuyashona tena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wageni walimsifu fundi, na kila mwaka alikaa karibu zaidi na goli.

Iliuma, lakini mama alizoea. Kukaa jikoni wakati wa fainali aliyoiona kwa macho yake lilikuwa jambo la kuchekesha ukilitazama kwa upande fulani, na yeye alijitahidi kulitazama kwa upande huo.

Alasiri hiyo ya kumbukumbu katibu wa klabu alifika na tai ya njano na mkoba, akakaa kwenye kochi. Mwashi akapuliza filimbi. Fundi akaanza. Ndipo mama akatoka jikoni na chupa ya chai aliyokuwa ameipika tangu mchana, akaiweka mezani, akafuta mikono kwenye gauni, akaenda kukaa ngazi ya kati.

Jua la siku ile likampiga usoni. Akakunja macho.

Timu ilipofungwa goli la kwanza, mlango ulifunguliwa akaingia baba yake. Alikuwa fundi viatu na alikuwa amekufa zamani, wakati kitinda mimba anaota meno. Alisema samahani, samahani, akaruka magoti ya katibu, akaja kukaa kushoto kwa binti yake. Vidole vyake bado vilikuwa na gundi. Fundi cherehani alimpa mkwewe shikamoo na kuendelea, maana mpira ulikuwa unachezwa.

"Shikamoo, baba," mama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ngapi ngapi?"

"Wametutangulia moja."

"Nilijua tu. Nimechelewa kwenye foleni ya karanga." Alimmiminia nusu kiganjani. "Huyu anayesema ni nani?"

"Mume wangu."

"Alikuwepo?"

"Alikuwa na matubwitubwi kwa shangazi yake."

Mzee alitafuna. "Mbona anajua vizuri hivyo?"

"Nilimsimulia mimi."

"Sawa. Na mimi ananitajaje?"

"Hakutaji, baba."

"Hata kofia? Ile niliyotuwekea nafasi nayo?"

"Kofia anasema ni yake."

Mzee aliivua kofia yake ya kitambaa cha kijivu, akaitazama ndani na nje, akaivaa tena. Akarudi kutazama mpira. Kutokusema kwake ndiko kulikomchoma mama. Kujikosa yeye mwenyewe kwenye hadithi alikuwa amekuzoea. Kumwona baba yake anajikosa, siku moja tu aliyokuwa na furaha bila kazi mkononi, hilo hakuweza.

Wakati wa mapumziko alinyanyuka kumimina chai, kwa kuwa hakuna mwingine aliyenyanyuka. Mzee akaweka kofia mahali pa binti yake ili pasije pakakaliwa. Mama alipomaliza kugawa vikombe hakurudi moja kwa moja. Alisimama mbele ya katibu na sinia tupu.

"Katibu," alisema, "kiatu alikidaka baba yangu, huyu hapa. Mimi nilikuwa pembeni yake. Jina la kuandika ni lake."

Mwashi alishusha filimbi. Fundi aliivuta futi shingoni, upande huu na upande huu.

"Mke wangu," alisema kwa upole, "kipindi cha pili kinaanza."

"Si nasema tu ukweli?"

"Mama, tunajua," alisema mwalimu wa hesabu. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama saa. "Lakini sisi tumekua na ya baba. Ya babu hatuijui ilivyo."

"Nitawasimulia."

"Na baba afanye nini?" aliuliza kitinda mimba. Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza gari likiuzwa dereva ataendesha nini.

Katibu aliweka kikombe chini. Alisema yeye hamkatalii mama hata kidogo, na mzee mwenyewe anaonekana ni mtu wa mpira. "Ila kibao kimeshachongwa," alisema. Akafungua mkoba, akakitoa. Kilikuwa cha shaba, na jina la fundi lilikuwa limeandikwa kwa herufi nzuri. Kilipita mkono kwa mkono. Kilipofika kwa mzee, alikipima uzito kiganjani, akasema wameitendea haki shaba, akamrudishia katibu.

Mama alirudi kukaa.

Timu ikasawazisha. Mvua ikaanza kunyesha juu ya ngazi ya kati tu, ikawalowesha baba na binti, na maji yakatiririka kuelekea kwenye zulia. Mwashi alisema ndiyo sababu alitaka kuzinyoosha. Dakika za lala salama fundi alipandisha sauti, Kiberiti akamtoka beki wa mwisho, na kiatu cha mpira kikaruka kutoka nyuma ya pazia, kikapita juu ya meza, kikamwangukia mzee mapajani na tope lake.

"Kimekosea njia," alisema mwashi. "Kilikuwa kinaenda kwa kaka."

"Ni upepo," alisema mwalimu wa hesabu.

Mzee alikigeuza kile kiatu, akaichungulia soli iliyoachia. Akamwinamia binti yake sikioni, kama alivyofanya siku ile.

"Uzi wangu huu," alinong'ona. "Nilikishona juzi, mbiombio, niwahi tiketi zetu. Ningekishona sawasawa, tusingechukua Kombe."

Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na mama akacheka naye mpaka machozi yakachanganyika na mvua. Katika kona zote, faulo zote na chenga zote alizomsimulia mchumba wake, hiki kipande hakuwahi kumpa. Fundi viatu aliyeshona vibaya hatangazwi. Ilikuwa aibu ya nyumbani, na ilikuwa nzuri kuliko Kombe.

Sebuleni walikuwa wanashangilia. Mpira ulikuwa umeingia kwa soksi. Katibu alingoja watulie, akatoa kalamu.

"Swali la mwisho, fundi. Ulipokidaka kile kiatu, ukakitazama, kilikuwaje?"

Fundi aligeuza shingo kuelekea jikoni. Jikoni hapakuwa na mtu. Akageukia ngazi, akamtazama mkewe kwa macho yale yale ya mtu aliyesahau nani kapiga kona, akangoja.

"Hilo usimwambie," alisema mzee.

Mama alimenya karanga, akaitia mdomoni.

"Kilikuwa cheusi," alisema fundi cherehani, na katibu akaandika cheusi.

Filimbi ikapulizwa. Mzee alikirusha kiatu nyuma ya pazia, akaaga, akatoka kwa mlango aliouingilia, kichwa wazi.

Uwanja mpya ulipofunguliwa fundi alikalishwa kwenye kiti cha kwanza, chini ya jina lake, na mashavu yakavimba palepale. Mpiga picha alipiga hivyo hivyo. Picha hiyo ipo kabatini, nyuma ya kioo chenye ufa. Wageni wakiuliza mbona mashavu yamejaa vile, familia hujibu kwamba ni furaha.

Huuliza pia juu ya kofia ya kijivu iliyoko kwenye zile ngazi karibu na dirisha. Fundi husema ni yake, ingawa kwa futi iliyoko shingoni mwake anajua kwamba haimwingii. Mgeni akinyoosha mkono kuichukua aitazame, sauti hutoka jikoni.

"Iacheni hapo," mama husema. "Kuna mtu kawekewa nafasi."