Kamera Iliyoelemea kwa Dada

Saa nne asubuhi mpiga video aliketi kwenye zulia sebuleni kwa mama yake, akaweka betri na kadi, akatoa kifuniko cha lenzi, kisha akaanza kusawazisha kamera juu ya stebilaiza, kile kishikio kinachofanya picha isitikisike mtu akitembea. Kazi hii haitaki pupa. Unalegeza skrubu, unasogeza kamera mbele kidogo, nyuma kidogo, na ukiiachia lazima ibaki pale pale ulipoiacha. Ndipo unawasha. Wanaowasha kabla ya hapo huunguza mota, halafu wanalaumu kiwanda.

Siku hiyo mama alikuwa anatimiza miaka themanini, na kamera iligoma. Kila mpiga video alipoiachia, ilijigeuza taratibu kuelekea dirisha la kushoto, ikatulia. Akafunga nati upande wa pili iwe uzito. Shangazi, ambaye hajawahi kuona jambo asilolitolea ushauri, akaleta kijiko cha supu, wakakifunga kwa utepe. Kamera ikarudi dirishani pamoja na kijiko chake.

"Inaangalia kwa dada yako hiyo," shangazi alisema, akarudi jikoni kumalizia vitunguu.

Ilikuwa kweli. Dada yake alikaa upande ule, mtaa wa tatu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ndiye aliyemlea mpiga video wakati mama akishinda kazini, na ndiye aliyeuza cherehani yake ili mdogo wake apate kamera ya kwanza. Miaka minne iliyopita, kwenye maziko ya baba, alisimama mbele ya watu akasema nyumba hii ni ya mama, kaka mkubwa asiiandikishe kwa jina lake. Kaka mkubwa alikuwa ameshaiandikisha. Akampiga marufuku asikanyage tena hapa, na mpiga video akaambiwa ayaondoe maneno yale kwenye video ya maziko aliyoipiga. Aliyaondoa vizuri mno, hata shangazi, aliyekuwepo, siku hizi huapa kwamba dada hakuzungumza. Hakuna kazi aliyoijutia kama ile.

Kaka mkubwa aliingia, akaitazama kamera.

"Tatizo nini, mdogo wangu?"

"Haikai, kaka. Inaelemea kwa dada."

"Basi si tuhamie huko inakotazama? Kazi ndogo hiyo."

Mpiga video alitaka kusema, ngoja nikamwite. Badala yake akashika mguu wa meza.

Viti, keki na maua vikahamishiwa chini ya dirisha la kushoto. Wageni wakapangwa hapo, mama katikati, na kamera ikatulia vizuri. Ila kwenye skrini ukuta haukuwepo. Nyuma ya wageni alionekana dada uani kwake, akianika nguo. Watu wakasogea kutazama. Wakasema amekonda. Jirani mmoja akauliza kama asimame pembeni kidogo, asimzibe.

"Huyo utamkata baadaye," kaka mkubwa alisema.

"Sawa, kaka." Alijichukia hata kabla hajamaliza kujibu.

Mama akaomba aoneshwe skrini. Akaitazama kwa muda, kisha akataka kiti chake kigeuzwe kielekee ukutani.

"Mama, utaonekana kisogo tu!" kaka mkubwa alisema.

"Nirekodini hivyo hivyo. Macho yangu hayafiki, lakini nimemwelekea mwanangu."

Wakamgeuza. Wakaimba, wakakata keki, wakamlisha kwa ubavuni. Mpiga video aliwazunguka polepole, mkono haukutetereka hata kidogo. Dada alimaliza nguo zake, akachukua beseni, akaingia ndani. Hakuna aliyekwenda kumwita.

Jumatatu mpiga video aliketi kwenye kompyuta, akamwondoa dada, picha baada ya picha, na mahali pake akarudisha ukuta. Kazi ilitoka safi, kaka mkubwa akaisifu. Ndani yake kuna bibi wa miaka themanini anayetazama ukuta, na watu nyuma yake wanampigia makofi.